Njaa Katikati ya Sukari: Jinsi Uhitaji wa Nishati wa Retina Unavyoharibu Mishipa ya Damu na Kuleta Upofu

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa kahawa katika kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe mkoani Kagera, huchuma buni kwa kuangalia rangi. Iliyoiva na kuwa nyekundu huingia kikapuni, ya kijani huachwa tawini isubiri zamu yake. Uamuzi huo, unaorudiwa mara nyingi katika siku moja ya mavuno, hutegemea utando wenye unene wa takriban robo ya milimita ulioko nyuma ya jicho. Utando huo huitwa retina, na kazi yake ni kuupokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe unaosafirishwa na mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo.

Retina ikiharibika, miwani hairejeshi uoni na dawa za matone za kawaida haziitibu. Ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza kwamba mtu mwenye kisukari achunguzwe macho hata kama anaona vizuri. Wengi hulisikia agizo hilo kliniki bila kuelezwa sababu yake. Sababu hiyo imo katika jambo ambalo sayansi imelifafanua hatua kwa hatua kwa karibu miaka mia moja: retina ina uhitaji mkubwa mno wa nishati, na mishipa yake ya damu hulazimika kuufuata uhitaji huo, kwa heri au kwa shari.

Utando mdogo, matumizi makubwa

Ubongo wa binadamu ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Retina, ambayo kwa asili yake ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi jichoni, ni miongoni mwa tishu zinazotumia nishati kwa kasi kubwa zaidi mwilini zikilinganishwa gramu kwa gramu.

Matumizi makubwa zaidi yako katika seli zinazopokea mwanga. Kila jicho lina takriban seli milioni 100 zenye umbo la fimbo, zinazotuwezesha kuona penye mwanga hafifu, na takriban milioni 6 zenye umbo la pia, zinazotambua rangi na kuona mambo kwa undani. Ajabu ni kwamba seli za fimbo hutumia nishati nyingi zaidi gizani kuliko mwangani. Gizani milango midogo iliyo katika ngozi ya seli hubaki wazi na chembe za sodiamu huingia bila kukoma, hivyo seli hulazimika kuzisukuma nje usiku kucha, mithili ya mvuvi anayechota na kumwaga maji ya mtumbwi unaovuja. Mwanga unapoingia, milango hiyo hufungwa na kazi hupungua. Mtu anapolala, retina yake haijalala.

Kuni za moto huo ni glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aligundua kwamba retina huivunja glukosi kwa wingi kuwa laktati hata pale oksijeni inapokuwapo, jambo ambalo tishu nyingi zenye afya hazilifanyi kwa kiwango hicho. Mwaka 2016, timu ya watafiti iliyomhusisha Lois Smith wa Boston, Marekani, ilionyesha kwa majaribio ya panya kwamba seli zinazopokea mwanga huchoma pia mafuta yanayoletwa na damu.

Pamoja na uhitaji huo mkubwa, tabaka la seli zinazopokea mwanga halina mshipa hata mmoja wa damu ndani yake, kwani mishipa ingeuzuia mwanga. Hulishwa kutoka nyuma na mtandao wa mishipa uitwao koroidi, huku matabaka ya ndani ya retina yakilishwa na mishipa membamba inayotandazwa juu yake. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa gizani oksijeni inayozizunguka seli za fimbo hupungua hadi kukaribia sifuri. Maana yake ni kwamba hata katika jicho zima lenye afya, retina huishi bila akiba kubwa. Hitilafu ndogo katika njia ya ugavi huonekana upesi kama upungufu.

Mfereji ulioziba kando ya mto uliojaa

Hapa huzuka swali ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza: ikiwa retina inaitaka sukari, kwa nini sukari nyingi iidhuru?

Jibu la kwanza liko mlangoni mwa seli. Seli za misuli na za mafuta huhitaji insulini ili kuifungulia glukosi mlango ipite kwa wingi. Retina haisubiri insulini. Glukosi huingia kupitia njia zilizo wazi muda wote. Sukari ikipanda katika damu, hupanda pia ndani ya retina, na seli zake hazina namna ya kujifungia.

Jibu la pili liko katika kuta za mishipa. Mishipa midogo kabisa ya retina imezungukwa na seli maalumu zinazoikumbatia na kuipa uimara. Sukari ikiwa juu kwa miaka, seli hizo huanza kufa. Ukuta wa mshipa ulioachwa bila mhimili hufanya vivimbe vidogo, huvuja maji na mafuta, kisha baadhi ya mishipa huziba kabisa. Shinikizo la juu la damu huongeza kasi ya uharibifu huo kwa kuzisukuma kuta ambazo tayari zimedhoofika.

Eneo la retina lililokuwa likilishwa na mshipa ulioziba sasa hukosa oksijeni. Damu ya mgonjwa imejaa sukari, lakini sehemu hiyo ya jicho inakufa kwa njaa, kama shamba linalokauka kando ya mto uliojaa kwa sababu mfereji wake umeziba. Hapo ndipo ugonjwa hubadilika: kutoka mishipa inayoharibiwa, hadi retina inayopiga kelele.

Mwito unaoleta mishipa mibovu

Mwaka 1948 daktari wa macho Isaac Michaelson alipendekeza kwamba retina iliyokosa damu hutoa kemikali inayosambaa na kuiamrisha mishipa mipya iote. Hakuijua kemikali yenyewe. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake nchini Marekani waliitambua protini inayochochea ukuaji wa mishipa ya damu, ijulikanayo kwa kifupi kama VEGF. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba protini hiyo imo kwa wingi katika majimaji ya macho ya wagonjwa wa kisukari wenye mishipa mipya kwenye retina.

Namna seli inavyotambua upungufu wa oksijeni ilielezwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, ambao kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Kila seli hutengeneza wakati wote protini ya tahadhari iitwayo HIF. Oksijeni ikiwapo, protini hiyo huwekewa alama na kuharibiwa papo hapo. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi, protini hubaki hai, huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru VEGF itengenezwe.

Utafiti wa mwaka 2016 uliotajwa hapo juu uliongeza jambo muhimu. Kazi ya kuiwekea alama protini ya tahadhari huhitaji oksijeni, na vilevile kemikali inayozalishwa seli inapochoma kuni zake. Katika panya ambao seli zao hazikuweza kupokea mafuta ipasavyo, kemikali hiyo ilipungua, mwito ukatolewa, na mishipa ikaota mahali isipotakiwa. Kwa maneno mengine, retina huita mishipa inapokosa hewa, na pia inapokosa kuni.

Mwito huo kwa asili yake ni wa kheri. Ndio unaoujenga mtandao wa mishipa ya jicho la mtoto akiwa tumboni. Lakini katika jicho la mtu mzima lenye kisukari, mishipa inayoitikia huota kwa haraka na kuta zake ni dhaifu. Badala ya kuingia katika eneo lenye njaa, huota kuelekea kwenye ute ulioko katikati ya jicho. Hupasuka na kumwaga damu, ndipo mgonjwa huona ghafla vivuli vyeusi au pazia jekundu. Baadaye hufuatana na makovu yanayoivuta retina hadi ikabanduka. Protini hiyo hiyo huilegeza mishipa ya zamani ikavuja, na majimaji yakijaa kwenye makula, yaani sehemu ya katikati ya retina inayotumika kusoma na kutambua nyuso, uoni hufifia.

Jambo la kuzingatia ni mfuatano wake. Kufa kwa seli za mshipa, kuziba, njaa na mwito huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu na bila kupunguza uoni. Dalili ya kwanza anayoihisi mgonjwa mara nyingi ni hatua ya mwisho ya safari ndefu.

Mantiki moja, magonjwa mengine

Kanuni hii ya uhitaji na ugavi haikomei kwenye kisukari. Katika miaka ya 1940 na 1950, maelfu ya watoto njiti katika nchi zilizoendelea walipofuka baada ya kuokolewa kwa oksijeni nyingi. Oksijeni iliyozidi ilizuia mishipa ya retina, ambayo huwa haijakamilika kwa mtoto njiti, isiendelee kuota. Retina ilipokua na uhitaji wake kuongezeka, sehemu isiyo na mishipa ilianza kuona njaa, ikatoa mwito, na mishipa mibovu ikaota. Somo hilo lina uzito leo hapa nchini, ambako huduma za watoto wachanga zinaokoa njiti wengi zaidi: oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine yoyote, hutolewa kwa kipimo.

Mfano mwingine ni selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayoathirika zaidi nchini. Chembe nyekundu zilizopinda huweza kuziba mishipa midogo iliyo pembezoni mwa retina, na eneo lililokosa damu likaita mishipa mipya kwa namna ileile. Kijana mwenye selimundu naye anastahili kuchunguzwa macho.

Kwa nini moto wa leza huokoa

Mkulima wa migomba wa Karagwe anaijua kanuni ya tiba hii kabla hajaisikia hospitalini. Shina lenye machipukizi mengi halizai mkungu mzuri, hivyo huyapunguza ili yanayobaki yasigombanie chakula. Matibabu ya leza kwa retina hufanya jambo linalofanana na hilo. Daktari huchoma mamia ya alama ndogo pembezoni mwa retina. Seli zinazopokea mwanga katika alama hizo hufa, uhitaji wa oksijeni hupungua, oksijeni ya koroidi huyafikia matabaka ya ndani, na mwito wa VEGF hunyamaza. Mgonjwa hutoa sehemu ya uoni wa pembeni na wa usiku ili aulinde uoni wa katikati. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 1976, ulionyesha kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiwango kikubwa kwa wagonjwa wenye mishipa mipya.

Tiba nyingine ni sindano za dawa zinazoizuia VEGF, zinazochomwa ndani ya jicho na mtaalamu. Huukausha uvujaji na kuifanya mishipa mipya inywee, ila huhitaji kurudiwa, kwa sababu njaa iliyoutoa mwito huwa haijaondoka. Mgonjwa asiyeweza kurudi kwa wakati hupaswa kulisema hilo mapema ili daktari achague njia inayomfaa.

Wapo waliofikiri kwamba, kwa kuwa retina hutumia nishati nyingi gizani, kulala na barakoa yenye mwanga hafifu kungeipunguzia mzigo. Wazo hilo lilikuwa na mantiki. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2018 halikuona faida yake kwa wagonjwa wenye uvimbe wa makula. Ni kumbusho kwamba maelezo mazuri ya kisayansi hayawi tiba mpaka yathibitishwe kwa wagonjwa.

Maana yake kwa Karagwe na Kyerwa

Zamani kisukari kilichukuliwa kuwa ugonjwa wa mijini. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wakiwa nacho. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na karibu robo yao wote wakiwa na shinikizo la juu la damu. Tafiti hizo mbili hazikutumia njia moja wala kupima maeneo yaleyale, lakini zinaonyesha mwelekeo usioweza kupuuzwa. Novemba 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza.

Kwa mkazi wa Chonyonyo, kupima sukari na shinikizo la damu ni huduma iliyo karibu kuliko tiba ya retina. Leza na upasuaji wa retina hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Safari hiyo ni ndefu, ina nauli, na humwondoa mtu shambani msimu wa kahawa na maharage. Umbali huo ndio hoja kubwa zaidi ya kuwahi: jicho lililogunduliwa mapema linaweza kulindwa kwa dawa za sukari na presha zinazotolewa karibu na nyumbani, ilhali jicho lililochelewa hudai safari, upasuaji na gharama, na wakati mwingine halirudi.

Ipo mifano ya kupunguza umbali huo. KCMC imeendesha mpango wa kupiga picha retina za wagonjwa wa kisukari mkoani Kilimanjaro, ili anayehitaji tiba atambuliwe kabla hajapoteza uoni. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulitumia akili unde kuzisoma picha za retina na kumpa mgonjwa majibu papo hapo. Waliopata majibu hayo palepale walikwenda kwenye rufaa kwa kiwango cha zaidi ya nusu, ikilinganishwa na takriban wanne kati ya kumi miongoni mwa waliosubiri majibu kwa siku kadhaa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba mgonjwa aliyeelewa hali yake akiwa bado kliniki ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufunga safari.

Hatua za kuchukua

Mtu mzima anayegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili anapaswa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kwani ugonjwa huweza kuwa umekaa mwilini kwa miaka bila kujulikana. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza huanza uchunguzi ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo uchunguzi hufanyika kila mwaka, au kama daktari atakavyoelekeza. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Uchunguzi kamili hufanywa kwa dawa ya kupanua mboni au kwa kamera ya retina. Kusoma herufi ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu retina yenye njaa inaweza bado kuzisoma zote.

Kudhibiti sukari kuna nguvu iliyothibitishwa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ambao hawakuwa na madhara ya retina, waliodhibiti sukari yao kwa ukaribu, walipunguza hatari ya kuyapata kwa asilimia 76. Hata hivyo, mtu ambaye sukari yake imekuwa juu kwa miaka na sasa inashushwa kwa haraka anaweza kuona hali ya retina ikizorota kwa muda kabla ya kupata nafuu. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, bali ni sababu ya kuchunguzwa macho tiba inapobadilishwa.

Chai isiyojazwa sukari, kupunguza soda na pombe, kula ndizi na maharage kwa kiasi pamoja na mboga, kuacha tumbaku na kutumia dawa za presha bila kuruka siku, vyote ni ulinzi wa mishipa midogo ya jicho. Dawa za majani zinazotiwa jichoni hazina njia ya kuitibu retina, na zinaweza kukijeruhi kioo cha mbele cha jicho na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Anayeona ghafla vivuli vinavyoelea, mimweko ya mwanga au pazia linaloshuka jichoni awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayehudhuria kliniki ya kisukari, maswali matatu yanatosha kuanzia. Sukari yangu ya wastani wa miezi mitatu ni kiasi gani? Shinikizo langu la damu likoje? Na retina yangu ilitazamwa mara ya mwisho lini? Ikiwa la tatu halina jibu kwenye daftari la kliniki, mgonjwa aombe rufaa ya macho kabla hajaondoka siku hiyo.